Mwanafunzi hashindwi mchezo wa vizibo: anatumia hesabu gani?

Swali: Darasani tunacheza kwa vizibo vya soda, mafungu matatu ya 3, 5 na 7. Kila zamu unaondoa idadi unayotaka, ila kutoka fungu moja tu. Anayechukua cha mwisho ameshinda. Mwanafunzi wangu mmoja akianza, hashindwi. Anafanyaje? Na wenzake wakitaka kubuni mchezo wao, waanzie wapi?

Jibu: Mwalimu, huo ni mchezo wa Nim. Charles Bouton alichapisha kanuni yake kamili mwaka 1901. Vunja kila fungu kuwa vipande vya 1, 2, 4, 8, bila kurudia kipande ndani ya fungu: 3 ni 2+1, 5 ni 4+1, 7 ni 4+2+1. Vipande vya 4 ni viwili, vya 2 viwili, vya 1 vitatu. Mwachie mwenzako kila aina ya kipande ikiwa na idadi shufwa. Yeye hugusa fungu moja tu, kwa hiyo lazima avuruge shufwa mahali fulani, nawe unairudisha. Hapa ondoa kizibo kimoja, fungu lolote.

Wengi hukwama aina zenye idadi witiri zikiwa nyingi. Katika 4, 6 na 9, vipande vyenye idadi witiri ni vya 8, 2 na 1. Shika fungu lenye kipande kikubwa zaidi kati ya hivyo, yaani fungu la 9. Mafungu ya 4 na 6 yanaacha 2 isiyo na mwenzake, basi 9 ibaki 2: ondoa 7. Mkianza na 3, 5 na 6 kila aina ni shufwa tayari, kwa hiyo mwache yeye aanze.

Kubuni ndiko kutamu zaidi. Wabadilishe sharti moja tu. Kwa mfano, fungu moja la vizibo 21, ruhusa ni kuondoa 1, 3 au 4. Wahesabu kutoka mwisho: aliyekuta 0 ameshindwa. Aliyekuta 1, 3 au 4 anashinda, maana anamwachia mwenzake 0. Aliyekuta 2 anaweza kuacha 1 tu, basi ameshindwa. Wakiendelea watapata namba nyingine za kushindwa: 7, 9, 14, 16, kisha 21 yenyewe: anayeanza hana njia, mpinzani asipokosea.

Kosa la kawaida ni kutangaza ruwaza mapema mno. Hapa hatua kubwa ni 4, na kila jibu (kushinda au kushindwa) hutegemea manne yaliyolitangulia. Kwa hiyo majibu manne mfululizo yakijirudia kwa mpangilio uleule, yanayofuata hayawezi kubadilika. Wakiruhusu kuondoa hadi 6, wasubiri majibu sita.