Santuri za Soul Zimo Majumbani, Hazimo Madukani

Kijana mmoja wa Mbagala aliniandikia wiki iliyopita akitaka nimwelekeze duka la Dar es Salaam linalouza santuri halisi za soul na funk, muziki wa Wamarekani weusi uliovuma miaka ya sitini na sabini, kwa kuwa mashine ya kuzichezea amekwisha kuinunua. Nilimjibu kwa ufupi kwamba asipoteze nauli yake kutafuta duka. Jibu refu naliweka hapa, kwa sababu najua kila mmoja wetu anaota siku moja kuwa na kabati lililojaa James Brown na Aretha Franklin.

Mwezi uliopita, katika nyumba moja ya Magomeni, nilipata santuri ndogo ya wimbo "Soul Man" wa waimbaji wawili, Sam & Dave, toleo la Marekani la mwaka 1967, lenye lebo ya buluu ya Stax, kampuni ya santuri ya huko Memphis. Asiyejua ataiona kuwa sahani kuukuu tu. Anayejua atakumbuka kwamba Stax ilipoachana na Atlantic, kampuni iliyokuwa ikiisambazia santuri, mwaka 1968, lebo yake ilibadilika ikawa ya njano yenye picha ya mkono unaoalisha vidole, hivyo rangi ile peke yake humwambia mtazamaji mengi kabla hajaigeuza upande wa pili. Nakiri kwamba usiku ule niliamka kuiangalia tena.

Mwenyewe, mzee aliyefanya kazi bandarini, aliletewa na baharia. Cha kushangaza ni uzima wake: haina mkwaruzo wa maana, ilhali santuri nyingi za umri huo nilizoziona zimeliwa na sindano nzito za madansini. Mzee alinieleza sababu. Mwezi Novemba mwaka 1969 uongozi wa mkoa ulipiga marufuku muziki wa soul jijini, na yeye, ambaye alikuwa akiwaazima vijana wenzake santuri zake kila Jumamosi, akazifungia katika sanduku la bati pamoja na kanga za mama yake. Marufuku iliyokusudiwa kuwanyamazisha akina Sam & Dave ndiyo iliyonihifadhia mimi sauti yao.

Sanduku hilo sikulifikia kwa kuuliza bei. Nilikwenda, nikaamkia, nikakaa barazani, tukazungumzia bendi zetu za zamani, Afro 70 ya Patrick Balisidya na Sunburst, mzee akinisahihisha kila nilipochanganya majina ya wapigaji, mpaka siku moja akaagiza sanduku litolewe bila mimi kulitaja. Nendeni majumbani, basi. Nendeni Magomeni, Ilala, Upanga na Tanga, na mkishakwenda, rudini tena. Anayeingia nyumba ya watu na kuanza kupekua kama yuko mtumbani Karume atatoka mikono mitupu, na atakuwa amestahili.

Mjue pia mnachoweza kukuta. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, kwa hiyo nyingi zilizouzwa hapa zilitoka Nairobi, na mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977 hadi 1983 njia hiyo ikazibika. Ndiyo maana sanduku la Dar es Salaam huwa na hazina zaidi ya miaka ya sitini na nusu ya kwanza ya sabini kuliko ya baadaye. Funk ya kwetu wenyewe ni adimu zaidi: albamu ya Sunburst, "Ave Africa", ilitolewa Zambia mwaka 1976, na toleo la kwanza sijalishika mpaka leo. Anayetaka kuisikiliza na anunue toleo jipya la mwaka 2016 la kampuni ya Strut, wala asione haya.

Kuhusu utunzaji sina mengi. Santuri zisimamishwe wima, zisilazwe moja juu ya nyingine, na zisiachwe ndani ya gari juani, kwani zitapinda. Unyevunyevu wa Dar es Salaam huotesha ukungu kwenye majalada, hivyo yafunguliwe mara kwa mara yapate hewa. Msizioshe kwa maji ya kisima, ambayo mengi hapa yana chumvi na huacha mabaki katika mifereji ya santuri inamopita sindano. Tumieni maji yaliyokenekwa na kitambaa laini.

Jambo moja bado linaniuma. Miaka michache iliyopita dalali mmoja, niliyemchukua kama mdogo wangu, alinifuata hadi kwa bibi mmoja niliyekuwa nikimtembelea. Kesho yake alirudi peke yake akabeba kreti zima, likaishia kwa mnunuzi wa nje, na bibi akaachiwa fedha ya kununulia mchele wa wiki. Tangu hapo siandamani na mtu. Vijana, nawaambia bila kuficha: anayekusanya ili auze kesho si mkusanyaji, ni mchuuzi, na uchuuzi unaomdhulumu mjane ni dhambi hata ukiitwa biashara. Mlipeni mwenye mali bei ambayo hata wanawe wakiisikia hawatakuja kukugombeza, kisha mrekodieni nyimbo zake kwenye simu au flashi ili aendelee kuzisikiliza.

Kijana wa Mbagala aliuliza pia nililipa kiasi gani kwa ile ya Stax. Hilo sitalitaja hapa, kwa sababu mzee bado ana sanduku la pili.