Maswali ya Wasomaji: Kubishana na Msiojuana Mtandaoni

SWALI: Kila mtandao mkubwa unapodukuliwa, ninaobishana nao huwa wameshamjua mkosaji: Urusi, China, Korea Kaskazini, au Marekani yenyewe. Nikiwaomba ushahidi wananibandikia anwani ya IP, yaani nambari inayotambulisha kifaa kwenye intaneti. Inatosha?

JIBU: Haitoshi. Anwani ya IP inakuonyesha mashine ya mwisho iliyogonga mlango tu, na mdukuzi hukodi seva nchi nyingine au hujificha nyuma ya ruta ya mtu asiye na habari. Hata msimbo unaofanana na wa kundi fulani hautoshi, kwa kuwa alama hizo hughushiwa.

Tazama yaliyotokea Februari 2018, siku ya ufunguzi wa Olimpiki ya majira ya baridi huko Pyeongchang, Korea Kusini. Programu hasidi iliyokuja kuitwa Olympic Destroyer iliangusha Wi-Fi na tovuti ya michezo, watu wakashindwa kuchapisha tiketi zao. Programu ya Windows inapoundwa kwa zana za Microsoft huachiwa kichwa kidogo kinachoeleza imeundwa kwa zana gani, na kichwa cha faili moja humo kilifanana na cha Lazarus, kundi linalohusishwa na Korea Kaskazini. Watafiti wa Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, wakakilinganisha kichwa na mwili wa faili. Kichwa kilidai Visual Studio 6, toleo la 1998, ilhali mwilini mlikuwa na ujumbe wa hitilafu unaotaja mscoree.dll, faili ambayo enzi za toleo hilo haikuwapo. Kichwa kilikuwa kimepandikizwa makusudi ili Korea Kaskazini ibebeshwe lawama. Oktoba 2020 Marekani iliwashtaki kwa majina maofisa 6 wa GRU, ujasusi wa kijeshi wa Urusi, kwa shambulio hilo na mengine.

Kwa hiyo mbane mwenzako aseme ana ushahidi wa aina gani. "Msimbo unafanana" ni fununu. "Serikali fulani imetamka" ni kauli ya mwenye maslahi. Huenda ni kweli, bado ni kauli. Hati ya mashtaka yenye majina, tarehe na akaunti zilizotumika ina uzito zaidi kwa sababu unaweza kuikagua mstari kwa mstari, ingawa nayo si hukumu. Na wewe pia chunga ulimi: Stuxnet, programu hasidi iliyogunduliwa mwaka 2010 baada ya kuharibu mashine za kurutubisha urani huko Natanz, Iran, inahusishwa na Marekani na Israel, lakini hakuna kati yao iliyokiri rasmi. Andika "inahusishwa", usiandike "walikiri".

Hoja ya "nani amefaidika" usiipe nafasi kubwa. Programu hasidi ya NotPetya ya Juni 2017 ilianzia kwenye masasisho ya M.E.Doc, programu ya uhasibu inayotumika Ukraine. Kwa kuwa ilijisambaza yenyewe, ilivuka mipaka, ikaikwamisha kampuni ya meli ya Maersk na kuifikia hata Rosneft ya Urusi. Anayesema "Warusi nao waliumia, basi si wao" anasahau kwamba mdudu wa aina hii akishaachiwa hachagui.

SWALI: Nikitetea usimbaji fiche, yaani kuufunga ujumbe ili ausome mwenye ufunguo tu, naambiwa: "Kama huna baya, unaficha nini? Polisi wapewe mlango wao." Nijibu vipi?

JIBU: Achana na falsafa, wapeleke Athens. Mwaka 2004 na 2005 watu ambao hawakujulikana waliwasha kwa siri uwezo wa kusikiliza simu uliokuwamo ndani ya mitambo ya Vodafone Ugiriki, uwezo uliotengenezwa kwa ajili ya vyombo vya sheria. Zaidi ya simu 100 zilisikilizwa, ikiwamo ya waziri mkuu Kostas Karamanlis, na umma ukaambiwa Februari 2006. Miaka ilipita, likajirudia: mwaka 2024 ilifichuka kwamba wadukuzi walioitwa Salt Typhoon, ambao Marekani inawahusisha na China, waliingia kwenye kampuni za simu za Marekani na kufikia hata mifumo ya kusikiliza kwa amri ya mahakama. Desemba mwaka huo maofisa wa FBI na CISA, shirika la Marekani la usalama wa mitandao, wakawashauri watu watumie mawasiliano yaliyosimbwa. Mlango hauwezi kusoma kitambulisho. Anayepata ufunguo anaingia.

Lakini usimdharau mpinzani wako. Wapelelezi wa makosa dhidi ya watoto kweli hukosa ushahidi uliofungwa ndani ya simu, na ukijifanya hilo halipo, wasomaji wa pembeni watakuona huna uaminifu. Likubali, kisha uliza: ufunguo utatunzwa na nani, na ukiibiwa tutajuaje?

SWALI: Katikati ya mabishano mtu alinitumia linki, "ushahidi huu hapa". Nilifungua. Kesho yake akataja mji ninaoishi. Amenidukua?

JIBU: Pengine hapana. Seva yoyote unayoifungua hurekodi anwani yako ya IP, saa, na aina ya kivinjari. Anwani hiyo hukadiria mji na kampuni yako ya intaneti, mara nyingi kwa makosa. Haitoi jina wala nyumba. Anachotaka ni kukutisha, kwa hiyo usimthibitishie kwamba amepatia.

Safari nyingine nakili kichwa cha makala ukitafute mwenyewe, au fungua linki kwa Tor Browser, ambayo hupitisha mawasiliano kwenye vituo 3 hivi kwamba hakuna kituo kimoja kinachokujua wewe na pia unakokwenda. VPN, huduma inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva yake, nayo huficha anwani yako kwa tovuti, ila imani uliyokuwa nayo kwa kampuni ya intaneti umeihamishia kwa mwenye VPN. Ukiingia humo kwa akaunti yenye jina lako, umeshajitaja.

Picha ndizo hatari zaidi. Desemba 2012 jarida la Vice lilichapisha picha ya John McAfee, mwanzilishi wa kampuni ya programu za kuzuia virusi, akiwa mafichoni. Ndani ya faili mlikuwa na vipimo vya GPS, na watu wakajua yuko Guatemala. Kwenye Windows bofya faili kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, kisha Details, utazame kama kuna sehemu ya GPS. Programu nyingi za ujumbe huondoa taarifa hizo ukituma kama picha, lakini ukituma kama faili zinabaki. Picha ya skrini kwa kawaida haina GPS, ila kagua juu yake: saa, jina la mtandao wa simu, na vichwa vya kurasa ulizofungua.

SWALI: Ananitishia kwamba atachukua akaunti yangu. Nianze wapi?

JIBU: Anza na barua pepe, maana ndiyo inayofungua akaunti nyingine zote. Weka nenosiri jipya la herufi 16 au zaidi, lisilotumika kwingine, likae kwenye programu ya kutunza manenosiri. Kisha washa uthibitisho wa hatua mbili kwa programu inayotoa tarakimu 6 kila sekunde 30. SMS ni bora kuliko kukosa kabisa, ila laini ya simu inaweza kuhamishiwa kadi ya mwingine. Tarakimu hizo usimpe mtu, hata anayejitambulisha kama huduma kwa wateja.

SWALI: Amefuta alichoandika, sasa anakana. Nina picha ya skrini.

JIBU: Atasema umeighushi, na si vigumu: kwenye kivinjari cha kompyuta bonyeza F12, badilisha maneno ya ukurasa, piga picha. Dai zito ukiliona, kabla ya kujibu peleka anwani ya ukurasa huo web.archive.org, tovuti inayotunza nakala za kurasa, na ubofye kuhifadhi. Kurasa zinazohitaji kuingia kwa akaunti mara nyingi hazihifadhiki huko. Kwa hizo, nukuu maneno yake yote ndani ya jibu lako la kwanza, pamoja na tarehe na saa.