Mixa imekodishwa haijarudi, nifunge GPS gani? Jibu kwa dada wa Morogoro

SWALI: Habari fundi. Nina biashara ya kukodisha vifaa vya ujenzi hapa Morogoro, nina mixa za zege, jenereta, kompakta za kushindilia udongo na mashine ndogondogo za kukata na kutoboa, halafu nina Fuso moja ya bodi la kufunga inabeba mizigo ya watu kutoka Dar mpaka Tunduma. Mwaka huu mixa moja imekodishwa haijarudi na mteja hapatikani kwenye simu. Muuzaji mmoja kaniambia ninunue kifaa cha GPS cha aina moja, cha kuweka laini, nifunge kila kitu nione kwenye simu yangu. Ni kweli? Betri inakaa muda gani? Na porini kusiko na mtandao inakuwaje?

JIBU: Salama dada, na pole sana na mixa. Kwa kifupi hapana, usinunue aina moja ufunge kila kitu, ngoja nikueleze kabla hujatoa hela. Na kuna jambo ambalo muuzaji hakukugusia kabisa. Kwenye biashara ya kukodisha, mashine kupotea inauma lakini haitokei kila wiki. Kinachokula hela kila siku ni mashine iko palepale saiti uliyoipeleka, ramani inakuonyesha vizuri tu, na huku inapigishwa kazi masaa ambayo hujalipwa. Kwa hiyo kwako wewe swali la "iko wapi" ni nusu tu, nusu ya pili ni "inafanya nini sasa hivi", na hiyo GPS peke yake haijui.

Kwanza tuelewane kifaa chenyewe kinafanyaje kazi. Satelaiti za GPS ziko juu huko kama kilomita 20,000, zinatangaza tu, hazikujui wala hazikuoni. Kifaa chako kinasikiliza angalau satelaiti 4 kinapiga hesabu kinajua kiko wapi, na kikiwa sehemu ya wazi kinakosea mita chache tu, na hapo bado hakijatumia hata shilingi ya bando. Baada ya hapo ndo laini inachukua hiyo hesabu inaituma kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni ya huduma, kupitia mnara wa simu, na wewe unaona kwenye ramani. Ni kazi mbili tofauti na kila moja inaweza kufa kivyake. Ukikifungia ndani ya kontena la chuma kitapata mnara labda, ila satelaiti hakizisikii. Ukikipeleka porini kitajua kabisa kiko wapi ila hakina njia ya kukwambia.

Tuanze na jenereta maana ndo rahisi na watu wengi hawajui. Jenereta lako lina betri ya volti 12 ya kuwashia, chukua kifaa cha kuunga waya moja kwa moja kwenye hiyo betri, kinachosoma volti. Jenereta likizimwa betri inasoma kama 12.6 hivi au chini kidogo, likiwashwa chaja yake inapandisha mpaka 13.5 na kuendelea, hadi 14 na pointi. Basi hapo tayari una saa ya kuhesabu masaa ya kazi bila kununua kitu kingine chochote, unamwambia fundi aweke kikomo kwenye volti 13.2, juu ya hapo hesabu linafanya kazi, chini ya hapo limezimwa. Mteja kakodi kwa masaa 8 kwa siku, wewe unaona limewashwa saa 1 asubuhi limezimwa saa 5 usiku, mnaongea mkiwa na rekodi mkononi. Na huduma ya kubadilisha oili unaifanya kwa masaa halisi, siyo kwa kukisia. Angalizo moja, likikaa sehemu ambako betri yake imechomekwa chaja ya umeme wa TANESCO muda wote, volti zitasoma juu hata likiwa limelala, hapo itabidi utumie njia ya mtikisiko ninayokuja nayo.

Mixa ni habari nyingine. Mixa nyingi za kukodisha hapa kwetu ni za dizeli za kuwasha kwa hendeli, hazina betri, kwa hiyo kifaa lazima kiwe na betri yake chenyewe, na hapa ndo swali lako la betri linajibika. Usimsikilize anayekwambia "inakaa miaka 3" halafu ananyamaza. Muulize inakaa miaka 3 ikituma mara ngapi? Piga hesabu nyepesi tu: betri ya mAh 10,000 (huo ndo ujazo wake), kifaa kikikaa macho muda wote kikila kama mA 40, gawanya unapata masaa 250, kinakwisha ndani ya siku 10 hivi. Kifaa hichohicho kikilala na kuamka mara moja kwa siku, kikachukua satelaiti kikatuma kikalala tena, kinapita mwaka bila shida. Mpangilio ndo unaoamua, ukubwa wa betri unafuata.

Sasa mtego uko hapa. Vifaa vingi vya betri vinauzwa vikiwa na mpangilio wa kuamka vikitikiswa, wazo zuri kabisa kwa trela au kontena, mtu akiligusa kinaamka kinakuarifu. Ila mixa inatikisika kazini siku nzima! Kifaa kinadhani kinaibiwa kuanzia asubuhi mpaka jioni, kinatuma kinatuma, wiki mbili hazifiki kimekufa na wewe unailaumu betri. Mwambie fundi apange hivi: mtikisiko uhesabu masaa ya kazi tu, na mashine ikiwa inatikisika kipime mahali mara moja kwa saa, kikikuta kiko palepale kilale, kikikuta kimetoka nje ya eneo ulilolichora kwenye ramani hapo ndo kiamke moja kwa moja kitume kila dakika chache. Maana yake mtu akipakia mixa kwenye gari utajua ndani ya saa moja. Kwa mashine ya kukokotwa inatosha, na betri inadumu. Kompakta ifanyie vilevile.

Pa kukifunga: kisiwe kwenye pipa linalozunguka, kisiwe karibu na ekzosi, na uso wake uangalie juu, usikifiche chini ya bati kwa kuogopa wezi, bati likiwa juu yake umekinyima satelaiti. Plastiki au faiba juu yake haina shida. Chagua kilichoandikwa IP67, yaani kinazuia vumbi na maji, kwa sababu mixa inaoshwa na uji wa simenti unaingia kila upenyo, ila maji ya presha yasielekezwe juu yake, IP67 haijapimwa kwa hayo. Na sumaku peke yake usiiamini, funga kwa bolti.

Fuso. Fuso nyingi ni volti 24, kwa hiyo hakikisha kifaa kinakubali volti 9 hadi 36, waya wa fyuzi uwepo, na kiwe na betri ndogo ya ndani ili mtu akikata waya upate ujumbe kwanza. Kuhusu porini, kifaa kinachoeleweka kinahifadhi kumbukumbu chenyewe pale mtandao unapokosekana, kikikutana na mnara mbele kinamwaga zote kwa mpigo na saa zake sahihi, kwa hiyo ramani inakuwa na ukimya halafu inajijaza. Muulize muuzaji kinahifadhi pointi ngapi, yaani rekodi ngapi za mahali, wakijibu hawajui ondoka. Ukitaka kuona moja kwa moja hata kusiko na mnara kuna vifaa vya kutuma kwa satelaiti, ila gharama yake kwa njia ya Dar–Tunduma mimi sioni sababu. Kitu cha kuangalia ni Tunduma kwenyewe, pale laini inaweza kuudaka mnara wa upande wa Nakonde, Zambia, bando likaisha au kifaa kikanyamaza. Kama gari haivuki mpaka, roaming, yaani kutumia mtandao wa nchi nyingine, izimwe kwenye kifaa.

Mafuta ya Fuso, hapo sensa ya tanki inalipa. Ni fimbo inayoingizwa ndani ya tanki, fundi anatoboa juu anaiweka, halafu lazima aipime: tanki tupu, anajaza lita 20, anaandika namba, lita 20 tena, anaandika, mpaka juu. Fundi asiyefanya hivyo kakufungia pambo. Kwenye milima kama Kitonga dizeli inacheza ndani ya tanki na namba zinaruka, usimkimbilie dereva na simu kila zikishuka, angalia pale gari imezimwa na kiwango kimeporomoka ghafla, huo ndo unyonyaji. Kwenye jenereta za kukodi ambazo mteja anajaza dizeli mwenyewe, sensa hiyo usinunue, siyo mafuta yako.

Halafu wauzaji wanapenda kukuuzia kitufe cha kuzima injini kwa simu. Dada nakuomba, kisitumike gari likiwa linatembea, hata siku moja. Injini ikizima kwenye mteremko usukani unakuwa mgumu na upepo wa breki haujazwi tena, na mbele kuna watu. Kama unakitaka, kiwekwe kwa namna ya kuzuia gari lisiwake likishasimama.

Ukipata mteja wa parachichi akataka baridi, weka sensa ndogo za bluetooth za joto ndani ya bodi na kifaa cha kuzipokea kwenye kabini. Parachichi husafirishwa kwenye nyuzi 5 hadi 7 hivi, na sensa isiwekwe mbele ya feni ya friji kwenye baridi kuliko kote, iweke katikati ya kreti upande wa mlangoni ambako joto linaanzia. Jaribu kwanza gari likiwa limejaa mzigo kweli, maana bodi la chuma na matunda yenye maji yanakula mawimbi ya bluetooth, ukijaribu gari tupu utadanganyika.

Grainda na drili usizifungie GPS, kifaa kitakuwa kikubwa na ghali kuliko faida. Bandika vitegi vya bluetooth, vile vibandiko vidogo vya betri ya CR2032 (bapa kama kifungo), na weka kipokezi kimoja mlangoni mwa stoo, kitakuandikia nini kimetoka na nini kimerudi. Drili ikishauzwa Kihonda kitegi hakitakuonyesha ilipo, kazi yake ni kukujulisha jioni ileile kwamba haijarudi.

Mwisho mambo ya karatasi na nywila, yasome vizuri. Laini zisajiliwe kwa jina la biashara yako siyo la fundi, kwa sababu mwenye laini ndo mwenye kifaa. Kifaa kiwe kimeidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Nywila ya kiwandani mara nyingi ni 123456, ibadilishwe siku hiyohiyo mbele yako. Mwezi Julai 2022 shirika la usalama wa mitandao la Marekani, CISA, lilitoa tahadhari juu ya kifaa kimoja cha magari cha MiCODUS, MV720, kwamba mtu wa mbali angeweza kukiingilia, kuona gari liko wapi na hata kukata mafuta. Kwenye mkataba wa kukodisha andika wazi kwamba mashine ina kifaa cha kufuatilia na masaa yanahesabiwa, na dereva naye aambiwe, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na kumfuatilia mtu kimyakimya kunaweza kukuletea kesi. Anza na jenereta moja na mixa moja kwa mwezi, uone taarifa zenyewe unazifanyia kazi au zinalala kwenye simu, ndipo ununue zingine.