Naibu gavana wa Virginia: maswali yenu, majibu yangu

Novemba 4, 2025, watu wa jimbo la Virginia, Marekani, walimchagua Abigail Spanberger kuwa gavana na Ghazala Hashmi kuwa naibu gavana. Maswali yameingia mfululizo tangu siku hiyo, na ajabu ni kwamba wengi mmeuliza habari za huyo wa pili. Nimefurahi, maana wa kwanza kila mtu anamjua kazi yake. Haya machache ndiyo niliyoweza kuyajibu.

Mbona redioni nasikia "luteni gavana"? Huyu ni mwanajeshi? (Msomaji, Morogoro)

La. Neno hilo Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, na asili yake ni mtu anayeshika nafasi ya mwingine. Jeshi likalichukua, na siasa nayo ikalichukua. Mimi nasema naibu gavana kwa kuwa ndivyo tulivyozoea, ingawa kwa Virginia hata huo unaibu una walakini. Soma jibu linalofuata.

Huku kwetu gavana na naibu wake wanakuja pamoja, ukimpigia mmoja umewapigia wote. Huko vipi? (Msomaji, Kilifi)

Kwenu Kilifi, kwa Katiba ya 2010, naibu ni mgombea mwenza. Virginia hakuna mwenza. Karatasi ya kura ina sehemu ya gavana, chini yake sehemu ya naibu gavana, kisha ya Mwanasheria Mkuu, na kila sehemu unaijaza kivyake: unachukua kalamu, unakoleza kijiduara mbele ya jina unalolitaka. Ukitaka gavana wa chama cha Democrat na naibu wa chama cha Republican, shauri yako.

Na imetokea. Mwaka 2005 walimchagua Tim Kaine wa Democrat kuwa gavana, halafu wakampa Bill Bolling wa Republican unaibu. Wakaishi hivyo miaka minne. Gavana hakumteua Bolling na hakuwa na uwezo wa kumfukuza. Ni kama nyumba uliyojenga mwenyewe, halafu majirani wakakaa kikao na kuamua nani atunze ufunguo wa akiba.

Msichukulie kwamba Marekani yote iko hivyo. Minnesota, Ohio na Florida, kwa mfano, wanakuja wawili kwa kura moja kama kwenu.

Kwa siku ya kawaida anafanya nini? (Msomaji, Dodoma)

Kwa kweli, si mengi. Anaongoza vikao vya Seneti ya jimbo, yenye viti 40. Anakaa pale mbele, anatoa ruhusa ya kusema, anatangaza matokeo ya kura. Kura zikigongana 20 kwa 20, yeye ndiye anayeamua, ila si kwa kila jambo. Mwaka 2012 Seneti iligawanyika nusu kwa nusu, na Bolling huyohuyo akawawezesha Republican wenzake kushika usukani wa kamati. Ilipofika bajeti alisema wazi kwamba hapo katiba haimruhusu kupiga kura.

Bunge la jimbo hukaa wiki chache tu, kuanzia Januari. Mshahara wa naibu ni kama dola 36,000 kwa mwaka, na kwa maisha ya Richmond, makao makuu ya jimbo, hizo hazikufikishi mbali, kwa hiyo wengi hubaki na kazi zao. Ralph Northam, aliyekuwa naibu kuanzia 2014 hadi 2018, ni daktari wa mfumo wa fahamu wa watoto, na aliendelea kutibu.

Nipo Houston miaka 9 sasa. Huku wanasema naibu gavana ana nguvu kumzidi gavana. Ni porojo? (Msomaji, Texas)

Si porojo. Cheo ni kimoja kwa jina tu. Naibu wa Texas naye huchaguliwa peke yake na kuongoza Seneti, yenye watu 31, lakini yeye ndiye anayepanga nani awe kwenye kamati gani na mswada upelekwe kamati ipi. Mswada asioutaka anaweza kuupeleka mahali ukafie kimyakimya. Ni mmoja wa wakubwa wawili wa bodi ya bajeti, mwenzake akiwa Spika. Vipindi havina kikomo: Bill Hobby alikaa miaka 18, na Dan Patrick yupo tangu 2015. Kwa yote hayo mshahara ni dola 600 kwa mwezi! Sijui mlinzi wa geti Houston analipwa ngapi, lakini nadhani hawezi kukubali hizo.

Hata hivyo, nguvu za Texas zina mlango wa nyuma. Mei 1979 Hobby aling'ang'ania mswada kuhusu kura ya mchujo ya urais. Maseneta 12 wakaona watashindwa, wakatoroka. Akidi, yaani idadi inayotakiwa ili kikao kiendelee, ni maseneta 21, kwa hiyo Seneti ikakwama. Wengi wao walijibana siku kadhaa kwenye chumba cha juu ya gereji hapo hapo Austin, makao makuu ya Texas, huku polisi wa jimbo wakiwatafuta kila kona. Polisi wakafanikiwa kumkamata mmoja, wakampeleka kwa ndege hadi Austin, na walipofika wakagundua wamemkamata ndugu yake seneta. Mswada ukafa. Wale 12 Hobby alikuwa amekwisha kuwapa jina la nyuki wauaji, na mpaka leo Texas wanajulikana hivyo.

Gavana akifa au akijiuzulu, naibu anaingia moja kwa moja? (Msomaji, Nairobi)

Virginia ndiyo, anamalizia muda uliobaki. Wewe wa Nairobi nakuelewa kwa nini umeuliza. Mlikaa bila naibu gavana tangu Polycarp Igathe ajiuzulu Januari 2018, na gavana wenu Mike Sonko alipong'olewa Desemba 2020 ikabidi Spika wa bunge la kaunti, Benson Mutura, akae kwenye kiti kwanza.

Lakini kuna wiki moja ya Virginia ambayo lazima niwasimulie.

Februari 1, 2019, kitabu cha picha cha chuo cha udaktari cha mwaka 1984 kilifukuliwa. Kwenye ukurasa wa Northam, ambaye sasa alikuwa gavana, palikuwa na watu wawili: mmoja amejipaka masizi usoni kumkejeli mtu mweusi, mwingine amevaa joho la Ku Klux Klan, kundi la wabaguzi wa rangi. Usiku ule akaomba radhi. Kesho yake akageuka, akasema hayumo kwenye picha, ila mwaka huohuo aliwahi kujipaka weusi kidogo katika shindano la kucheza kama Michael Jackson. Mwandishi mmoja akamuuliza kama bado anaweza kuteleza kinyumenyume kama Jackson. Gavana akaangalia sakafu pembeni, unaona kabisa anapima nafasi, mpaka mkewe akamnong'oneza kwamba hapa si mahali pake.

Kila mtu akageuza macho kwa naibu, Justin Fairfax, kijana mweusi aliyeonekana kama ameandaliwa kwa siku hiyo. Siku chache baadaye wanawake wawili wakamtuhumu kwa mashambulizi ya kingono. Akakana, lakini njia ikajaa miiba. Wa tatu kwenye foleni alikuwa Mwanasheria Mkuu Mark Herring, ambaye wiki ileile alikiri kwamba naye akiwa mwanafunzi mwaka 1980 alijipaka weusi kwenda kwenye sherehe. Wote watatu ni Democrat. Wa nne alikuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi, Kirk Cox, wa Republican.

Na Cox alikuwaje Spika? Hapa ndipo napapenda. Uchaguzi wa 2017 uliwaacha Republican na viti 50 na Democrat 49, na kimoja cha Newport News kikiwa sare, kura 11,608 kwa 11,608. Sare yenyewe ililetwa na karatasi moja ambayo mpiga kura alikoleza vijiduara vya wagombea wote wawili, kisha akapiga mstari juu ya kimoja. Majaji wakasema wameelewa alichokusudia. Januari 2018 wakaweka majina mawili kwenye vikopo vya filamu za kamera za zamani, vikopo wakavitia kwenye bakuli la udongo lililoazimwa kwenye jumba la sanaa, wakakoroga na kuchomoa kimoja. Republican akashinda, wakawa 51 kwa 49.

Kwa hiyo Februari 2019 jimbo zima lilikuwa vijiuzulu vitatu tu kutoka kwenye lile bakuli. Hakuna aliyejiuzulu. Northam akamaliza muda wake Januari 2022.

Ni kweli huyu mama ni Mwislamu? (Msomaji, Tanga)

Kweli. Hashmi alizaliwa Hyderabad, India, akapelekwa Marekani akiwa na miaka minne, akafundisha vyuoni miaka mingi kabla ya kushinda kiti cha Seneti ya jimbo mwaka 2019. Ndiye mwanamke Mwislamu wa kwanza Marekani kuchaguliwa kwa kura za jimbo zima. Kwa wanaume alitangulia Keith Ellison, Mwanasheria Mkuu wa Minnesota, mwaka 2018. Hamkusikia sana habari za Hashmi kwa sababu usiku huohuo New York walimchagua Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, kuwa meya, na magazeti yetu yote yakakimbilia kwa mtoto wa nyumbani.

Mimi kilichonishangaza zaidi ni mchujo wa Juni ndani ya chama chake, Democrat. Wagombea walikuwa sita, Hashmi akapita na chini ya asilimia 28 ya kura, akimwacha kwa pua tu Levar Stoney, meya wa zamani wa Richmond. Virginia anayeongoza ndiye amepita. Ingekuwa Texas, wawili wa juu wangerudi duru ya pili, na sithubutu kusema nani angetoka. Novemba haikuwa na presha hiyo, alimshinda John Reid wa Republican kwa zaidi ya pointi 10.

Majimbo yote yana naibu gavana? (Msomaji, Muscat)

Hapana. Maine, New Hampshire, Oregon na Wyoming hawana. Arizona nao hawakuwa naye, ila mwaka 2022 wapiga kura walikubali kiundwe cheo hicho kuanzia uchaguzi wa 2026.

Nina grini kadi, nalipa kodi, nina watoto shuleni. Naruhusiwa kumpigia kura? (Msomaji, Alexandria, Virginia)

Usijaribu. Kura ya jimbo ni ya raia peke yake. Ukienda kuchukua leseni ya gari unaweza kuulizwa kama unataka kujiandikisha kupiga kura. Soma polepole na ujibu hapana, hata kama foleni nyuma yako inanung'unika. Kudai uraia usio nao kunaweza kukuharibia ombi la uraia, hata kukurudisha nyumbani bila kupenda. Ng'ambo ya mto kwako, Takoma Park, Maryland, wasio raia hupiga kura za mji, lakini ni za mji tu.

Kiti hiki ni ngazi ya kupandia ugavana? (Msomaji, Arusha)

Kwa Virginia kinavutia, kwa sababu gavana haruhusiwi kugombea vipindi viwili mfululizo, kwa hiyo kila miaka minne kiti cha juu kiko wazi. Kaine alipanda, Northam alipanda. Bolling alijiondoa kabla ya 2013 alipoona chama kinamtaka mwingine. Fairfax alijaribu 2021, akaambulia chini ya asilimia 5 kwenye mchujo. Winsome Earle-Sears, mzaliwa wa Jamaika aliyekuwa naibu tangu 2022, ndiye aliyeshindwa na Spanberger.

Aliyepanda kwa jasho ni Douglas Wilder. Mwaka 1985 aliambiwa na watu wa chama chake mwenyewe kwamba Virginia haitamchagua mtu mweusi. Akaingia kwenye gari akazunguka jimbo zima, hadi vijiji vya milimani ambako watu weusi ni wa kuhesabu. Akapata unaibu. Mwaka 1989 akagombea ugavana, tafiti za maoni ya wapiga kura zikimpa ushindi mnono, kumbe siku yenyewe akashinda kwa kura zisizofika 7,000. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza Marekani kuchaguliwa gavana, mjukuu wa watumwa wa Virginia hiyohiyo.

Uchaguzi mwingine lini? (huyohuyo wa Arusha)

Novemba 2029. Kura za mapema hufunguliwa siku 45 kabla.