Jibu: Nimebandika msimbo wa Google Analytics, mbona wageni ni sifuri?

Habari mkuu. Kama nimekuelewa, jana umebandika msimbo wa Google Analytics, ile huduma ya Google ya kuhesabu wageni wa tovuti, na tovuti inafunguka vizuri, ila ripoti zote zinasoma sifuri. Yalinikuta hayo hayo.

Usifute kitu kwanza. Ripoti za kawaida zinaweza kuchelewa saa 24 hadi 48, kwa hiyo angalia ile ya wakati halisi, inayoonyesha walioingia ndani ya dakika 30 zilizopita. Iache wazi kwenye kompyuta, kisha ingia kwenye tovuti yako kwa simu. Nasisitiza simu kwa sababu mimi nilimaliza jioni nzima nikibandika na kubandua msimbo, kumbe kizuia matangazo kwenye brauza yangu ndicho kilichokuwa kinanificha!

Ikibaki sifuri, fungua tovuti kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl+U uone msimbo wa ukurasa, halafu Ctrl+F utafute "gtag", neno lililomo ndani ya msimbo wa Google. Karibu na hapo pawe na kitambulisho kinachoanza na G-, kifanane herufi kwa herufi na kilicho kwenye akaunti yako. Ukikuta UA-, umefuata maelekezo ya zamani. Mfumo ule wa zamani wa Analytics uliacha kupokea data mpya kuanzia Julai 2023. Usipokuta chochote na unatumia WordPress (mfumo wa kujengea tovuti), futa kache kwanza, yaani nakala za zamani za kurasa zilizohifadhiwa. Ukikuta kitambulisho mara mbili, yaani umebandika kwa mkono na programu-jalizi (plugin, programu ndogo ya kuongezea tovuti kazi) nayo imeweka, ondoa kimoja, la sivyo ziara zitahesabiwa maradufu.

Kama tovuti yako si ya WordPress, taja umeijengea wapi. Huko kwingine mimi ni mgeni, wenzangu watakusaidia.