Usinunue Colt Iliyong'arishwa

Juzi kijana mmoja anayeishi Texas ameniandikia: "Kaka, nimepata Colt Army ya 1860, imepigwa rangi upya, inang'aa. Ninunue?" Hiyo ni bastola ya kale ya Kimarekani. Hapana, mdogo wangu, usinunue.

Wiki iliyopita nami nimepata ya kwangu, hapa Ohio, kwenye meza ya mzee mmoja. Chuma kimekuwa cha kahawia, mpini umelainika kwa viganja vya watu. Nilimwomba ruhusa nikaigeuza chini juu. Namba kwenye mtutu, kwenye fremu, kwenye kilinda triga na kwenye kitako zilikuwa zile zile, yaani sehemu zake hazikubadilishwa! Kisha nikaitazama silinda, ile sehemu inayozunguka na kubeba risasi. Kiwanda cha Colt kilipiga chapa hapo mchoro wa mapigano ya Campeche ya 1843, meli za Texas dhidi ya za Meksiko, na kwenye bastola nyingi mchoro huo umeshafutika. Kwenye yangu matanga bado yanahesabika. Nililipa bila kubembeleza bei.

Miaka ya nyuma, muuzaji mmoja alininyang'anya bastola mkononi na kuniuliza kama najua ninachokishika. Nilijua, tena kumzidi. Maneno yale yaliniuma, na bado yananiuma. Ndiyo maana nasema: soma kabla ya kufungua pochi. Colt za aina hii zilitengenezwa takriban 200,000, nyingi zikaenda kwa jeshi la Muungano, yaani la Kaskazini kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kwa hiyo utapata nyingine. Ukisugua kutu kwa msasa unafuta chapa na thamani yake kwa pamoja. Tazama namba. Nasema tena, tazama namba!

Na ukiuziwa Colt Walker ya 1847, bastola nyingine ya kale, kwa bei ya chee, kimbia. Zilitengenezwa kama 1,100 tu, na moja iliuzwa mnadani mwaka 2018 kwa dola milioni 1.84. Hiyo ya chee ni nakala ya Italia iliyozeeshwa kwa tindikali. Mara nyingi utaona palipopigwa tupa kufuta mihuri ya Gardone, mji wa Italia ambako nakala hizo hupimwa.

Sheria ya shirikisho la Marekani huihesabu silaha iliyotengenezwa 1898 au kabla kuwa ya kale na kuilegezea masharti, lakini majimbo yana sheria zake, ulizia kwanza. Usithubutu kuifungasha kwenye sanduku la kwenda nyumbani Afrika Mashariki. Nafuu hiyo haivuki bahari. Na muuzaji akikukataza kuigeuza uone namba, mwachie bastola yake, nenda meza nyingine.