Nafasi Ikishuka, Soma Kwanza Hesabu: Ushauri kwa Wachezaji wa Tenisi na Wazazi Wao

Wazazi wengi wanaoniletea watoto kiwanjani hapa Mwanza huanza na swali la gharama, kisha la shule. Lakini wale ambao watoto wao wamekwisha kuanza kwenda Kampala na Nairobi kushindana huwa na swali jingine kabisa, nalo ni kwa nini kijana aliyekuwa akipanda mwaka jana anashuka mwaka huu ilhali mazoezi ni yaleyale. Nimo katika mchezo huu tangu nilipokuwa mwokota mipira, nimecheza mashindano ya kanda hii hadi mchujo wa mashindano ya ITF, yaani Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, na sasa nafundisha. Kwa hiyo nawajibu wazazi hao kwa uhakika: kabla ya kumhukumu mchezaji, jifunzeni namna orodha ya viwango, yaani ile inayowapanga wachezaji kwa pointi zao, inavyohesabiwa, maana sehemu kubwa ya majonzi ya tenisi hutokana na kuisoma vibaya namba ile moja.

Pointi ambazo mchezaji anazipata katika mashindano hukaa kwenye hesabu yake kwa wiki 52, kisha huondolewa. Bingwa wa mojawapo ya mashindano makuu manne duniani (Australian Open, French Open, Wimbledon na US Open) hupata pointi 2,000, na anayetolewa raundi ya kwanza hupata 10. Hii ina maana kwamba bingwa akirudi mwaka unaofuata na kutolewa siku ya kwanza, mahali palipokuwa na 2,000 panabaki 10, hata kama katika miezi yote iliyopita alicheza vizuri kwingineko. Emma Raducanu wa Uingereza alishinda US Open mwaka 2021 akiwa na miaka 18, akiwa wa 150 duniani, na akiwa ameanzia kwenye mchujo. Mwaka 2022 Alizé Cornet wa Ufaransa alimtoa raundi ya kwanza, na orodha mpya ilipotoka Raducanu alikuwa ameporomoka kutoka nafasi ya 11 hadi ya 83. Hakuna mkono uliosahau kupiga mpira katika juma lile. Kilichotokea ni kwamba deni la mwaka mmoja lililipwa kwa siku moja, na kila aliyejua kalenda alikuwa akilingoja.

Hesabu hiyo hiyo huweza pia kuficha kushuka kwa kweli, na hili kwa maoni yangu ndilo la hatari zaidi. Vince Spadea wa Marekani alifika robo fainali ya Australian Open mwaka 1999 baada ya kumtoa Andre Agassi. Kuanzia mwishoni mwa mwaka huo alipoteza mechi 21 mfululizo. Kwa miezi kadhaa aliendelea kuingia moja kwa moja katika mashindano makubwa kwa sababu pointi za 1999 zilikuwa bado kwenye hesabu yake, huku uwanjani kila juma akitoka ameshindwa. Mkosi huo ulikoma Wimbledon mwaka 2000, alipomshinda Greg Rusedski kwa 9–7 katika seti ya tano, mbele ya mashabiki wa Rusedski mwenyewe. Alitwaa taji lake la kwanza la ATP, yaani mashindano ya juu ya wanaume wa kulipwa, huko Scottsdale, Marekani, mwaka 2004, akiwa na miaka 29, na mwaka uliofuata akafika nafasi ya 18 duniani, ambayo hakuwahi kuifikia katika ujana wake.

Kwa sababu hiyo kila mchezaji wangu anayeshindana huwa na daftari. Ukurasa wa kushoto huandikwa pointi alizopata, mashindano aliyozipatia na juma ambalo zitaondoka. Ukurasa wa kulia huandikwa mambo ya mechi yenyewe: mipira ya kuanzia iliyoingia kwa jaribio la kwanza, makosa mawili ya kuanzia (yaani majaribio yote mawili ya kuanzisha mpira yakishindwa, na pointi ikapotea), pointi nyingine zilizopotea bila kulazimishwa na mpinzani, na hali ya hewa ya siku ile. Nafasi ikishuka, tunasoma ukurasa wa kulia kabla ya kusema neno lolote. Ikiwa mambo ya upande ule hayajabadilika, kijana hana ugonjwa na hahitaji dawa. Anahitaji kuendelea kucheza. Ikiwa yamebadilika, hapo tuna kazi.

Chukua mfano wa kijana mmoja wa Kirumba, hapa Mwanza, ambaye msimu uliopita makosa yake mawili ya kuanzia yaliongezeka ghafla. Yeye na mama yake waliamini kwamba ameingiwa na woga. Nilimpeleka kiwanjani saa tisa alasiri, wakati upepo wa ziwani unapovuma kwa nguvu kuelekea nchi kavu, nikasimama nyuma yake. Alikuwa akirusha mpira juu vizuri, upepo unausogeza kidogo nyuma ya kichwa chake, naye badala ya kuuacha udondoke na kurusha upya kama sheria inavyomruhusu, alipinda mgongo kuufuata. Goti la kushoto lilinyooka mapema mno, raketi ikakutana na mpira ikiwa imelala, na mpira ukaenda nje ya boksi unamotakiwa kutua. Tulifanya kazi ya kurusha tu, bila kupiga, mpaka akazoea kuuacha mpira mbaya uanguke. Woga ulikuwapo, nakubali, lakini ulikuja baada ya mgongo kuanza kupinda.

Jambo jingine ambalo watu wa kanda yetu hulisahau ni mwinuko. Mwanza iko takriban mita 1,140 juu ya usawa wa bahari. Dar es Salaam iko kando ya bahari, na Nairobi inazidi mita 1,600. Hewa ikiwa nyepesi mpira huruka kwa kasi na mbali zaidi, na ndiyo maana kanuni za ITF zinaruhusu mipira ya aina maalumu katika miji iliyo juu ya mita 1,219. Mchezaji wetu akienda Nairobi, mapigo yake yaliyokuwa yakitua ndani ya mstari yanatoka nje; akishuka Dar es Salaam, mpira unamwonekea mzito na bega linachoka. Yakifuatana mashindano mawili ya namna hiyo, mzazi huona kushuka, wakati kinachotakiwa ni kufika siku chache mapema na kuongeza au kupunguza mkazo wa nyuzi za raketi. Kama fedha inaruhusu kitu kimoja tu cha ziada katika safari, mimi ningeitumia kwa siku hizo.

Fedha yenyewe inastahili kusemwa waziwazi. Ngazi ya chini kabisa ya tenisi ya kulipwa kwa wanaume ni mashindano ya M15, ambayo zawadi zake zote kwa pamoja ni dola 15,000, zikigawanywa kwa wachezaji wa mmoja mmoja na wa wawili wawili. Bingwa hupata pointi 15. Anayetolewa mapema hupata kiasi kisichotosha kulipia hoteli, achilia mbali nauli na viza. Na katika droo ya wachezaji 32, wachezaji 31 wataondoka wameshindwa. Hiyo ni kawaida ya kazi, kila juma, kwa kila ngazi. Nilipomweleza haya yule mama wa Kirumba, ambaye anauza dagaa katika soko la Mwaloni, hakushtuka hata kidogo. Aliniambia, “Mwalimu, hilo mbona tunaishi nalo. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa, mitumbwi inalala. Ukila fedha yote ya siku za giza, mbalamwezi itakukuta huna kitu.” Tangu siku hiyo anaweka pembeni sehemu ya kila anachopata kwa ajili ya miezi ambayo mwanawe hatashinda, na safari za kijana hupangwa kwa kutazama mfuko huo, siyo kwa kutazama ushindi wa juma lililopita. Sijapata kuona mpango bora kuliko huo kwa familia isiyo na mdhamini.

Majeraha ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na nimeyaishi, kwa kuwa bega langu ndilo lililonitoa katika ushindani. Ninachowaambia wachezaji ni kwamba mwili ulioumia hauharakishwi na kalenda ya pointi. Juan Martín del Potro wa Argentina, bingwa wa US Open mwaka 2009, alipasuliwa kifundo cha mkono mara kwa mara, na mwanzoni mwa 2016 alikuwa wa 1,045 duniani. Mwaka huohuo alimtoa Novak Djokovic raundi ya kwanza katika Olimpiki ya Rio, akapata medali ya fedha, kisha akaisaidia Argentina kutwaa Kombe la Davis kwa mara ya kwanza. Mwaka 2018 alifika nafasi ya tatu duniani. Kanuni za ATP zina msaada kwa watu wa hali yake: mchezaji aliyekaa nje kwa jeraha kwa miezi sita au zaidi anaweza kuomba nafasi ya ulinzi, inayokokotolewa kwa wastani wa nafasi zake katika miezi mitatu ya kwanza ya jeraha, na akaitumia kuingia mashindano atakaporudi, ingawa haimpi daraja la upendeleo katika droo, yaani lile linalowatenganisha wachezaji bora wasikutane mapema. Mjue haki hii mapema, kwa sababu huombwa kwa maandishi na ndani ya muda uliowekwa.

Wapo wanaoshuka bila jeraha, na kwao ushauri wangu mara nyingi haupendwi: rudi ngazi ya chini ukacheze. Agassi alikuwa namba moja duniani mwaka 1995, na Novemba 1997 alikuwa wa 141. Alikubali kucheza mashindano ya Challenger, ambayo ni ngazi iliyo chini ya yale makubwa ya ATP, tena Las Vegas, mjini kwao, mbele ya watu waliomjua. Alipoteza fainali ile, kisha akashinda Challenger nyingine huko Burbank. Mwaka 1999 alitwaa French Open na US Open, na akamaliza mwaka akiwa namba moja. Mchezaji aliyezoea kutolewa raundi ya kwanza katika mashindano makubwa hukosa kitu ambacho mazoezi hayawezi kumpa, yaani kucheza mechi nne au tano ndani ya juma moja na kujifunza tena kufunga seti. Mzazi asione aibu kumtoa mtoto Nairobi na kumrudisha kwa muda kwenye mashindano ya mkoa.

Mwisho kuna njia ya chuo, ambayo kwa watoto wa kanda hii naiona kuwa ya busara kuliko kukimbilia tenisi ya kulipwa moja kwa moja. Angella Okutoyi wa Kenya, aliyelelewa na bibi yake Nairobi, alitwaa taji la wasichana wawili wawili la Wimbledon mwaka 2022 akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, likiwa taji la kwanza la Mkenya katika mashindano makuu. Hata baada ya ushindi huo alikwenda kusoma na kuchezea Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, na Machi 2024 akashinda dhahabu ya mmoja mmoja katika Michezo ya Afrika jijini Accra. Chuo humpa mchezaji makocha, tiba na mechi za uhakika katika miaka ile ambayo pointi ni chache na fedha ni chache zaidi. Kwa hiyo mzazi ambaye mtoto wake yuko kidato cha pili na anashindana aanze sasa kutunza ripoti za shule, matokeo yote pamoja na yale ya kushindwa, na video za mechi nzima bila kukatwa, kwa sababu makocha wa vyuo hutaka kuona mchezaji anavyofanya anapokuwa nyuma.